Spesa, springi mpya au tairi kubwa: nini kiinyanyue pikapu ya Kusini?

Kabla hujamtumia fundi pesa ya spesa, vile vipande vinavyojazwa kwenye springi ili kuinua gari, tandika kipande cha turubai, lala chini ya gari lako na tochi mkononi, utafute chuma kinachong'aa. Pikapu ya huku Kusini mwa Tanzania iliyokwisha kupita njia ya Liwale wakati wa mvua, au iliyopanda Newala ikiwa na mzigo, ina alama zake, na alama hizo ndizo zitakazokuambia uchague nini. Kilichochubuka kikiwa ni bampa au bati la kukinga injini, jibu ni moja. Kikiwa ni tangi au chesisi, jibu ni jingine. Kikiwa ni tumbo la difu ya nyuma, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, basi spesa yoyote utakayouziwa, iwe ya elfu hamsini au ya milioni, haitakusaidia kitu.

La difu nalisema mapema kwa sababu ndilo lililonila pesa. Nilikuwa na Hilux ya kebini mbili ya mwaka 2008. Msimu mmoja wa mvua nikitoka Nachingwea kwenda Liwale, gari likalala tumbo: tairi zimo ndani ya mitaro iliyochimbwa na malori, na difu imekalia mgongo wa tope katikati ya njia. Niliporudi nikaweka spesa mbele na vipande vya chuma nyuma. Gari likasimama kama korongo, kila mtu mtaani akalisifu. Masika iliyofuata likanasa kwenye njia ile ile, kwa difu ile ile, juu ya mgongo ule ule. Kimo cha korongo, na bado ndani ya korongo.

Sababu ni rahisi ukishaiona. Pikapu karibu zote tulizo nazo huku zina ekseli ngumu nyuma: bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu ikiwa katikati yake. Ekseli inakaa kwenye magurudumu, magurudumu yanakaa chini. Spesa huwekwa kati ya ekseli na chesisi, kwa hiyo inachokinyanyua ni kilicho juu yake: chesisi, bodi, tangi, bampa. Difu inabaki pale pale, maana kimo chake kinatokana na nusu ya kipenyo cha tairi na si kitu kingine. Wenye Land Cruiser 79 wajue kwamba gari lao lina ekseli ngumu mbele pia, kwa hiyo difu zote mbili zinafuata sheria hiyo. Hilux, Ranger, D-Max, L200 na Navara difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, hivyo hiyo hupanda pamoja na gari. Ya nyuma haipandi.

Sasa tulinganishe, tukijua kila kitu kinanyanyua nini.

Kwanza, spesa ipi?

Ukiingia dukani ukasema "naomba spesa", unaweza kupewa kitu kingine kabisa: zile sahani nene zinazofungwa kati ya rimu na habu ili tairi zitoke nje. Hizo hazinyanyui gari. Zinalipanua miguu, zinazitwisha bearing za gurudumu kazi ya ziada, na tope lote la Kitaya litaishia mlangoni mwako. Sema "spesa ya kunyanyulia, ya juu ya shokapu" kama gari lako lina springi iliyozunguka shokapu, au "ya springi" kama springi na shokapu vimekaa mbalimbali kama kwenye 79.

Mbele: spesa, au springi na shokapu mpya?

Hilux kuanzia Vigo ya 2005, pamoja na Revo iliyofuata, zina springi ya koili iliyozunguka shokapu, kipande kimoja kirefu kinachofungwa juu kwa nati tatu. Spesa ya kawaida hukaa juu ya kipande hicho, chini ya kishikio chake kwenye chesisi. Hapa watu wengi wanakosea hesabu. Shokapu haisimami kwenye gurudumu. Inasimama karibu na katikati ya mkono wa chini, ule unaounganisha chesisi na gurudumu, kwa hiyo unachoongeza juu yake hujitokeza takriban mara mbili kwenye gurudumu. Spesa ya milimita 25 inakunyanyua karibu milimita 50. Mtu akinunua ya milimita 50 akidhani atapata 50, atakuta gari limepanda karibu milimita 100, na kila kiungo cha mbele kimenyooka kama mkono wa mtu anayening'inia mtini.

Kile kinachoteseka hukioni siku ya kwanza. Sivijointi, viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele, zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyopangiwa, mpira wake wa kufunika grisi unachanika, mchanga unaingia, na baada ya hapo ni suala la muda tu. Boljointi, viungo vya mviringo vinavyoshika mikono na gurudumu, zinafika mwisho wa mzunguko wake. Gurudumu likining'inia, mkono wa juu unaweza kugonga springi. Utasikia "kla" kila unapovuka shimo. Na likipanda, shokapu inaweza kufika mwisho wake wa ndani kabla gurudumu halijagusa mpira wa kizuizi, ndipo inapoanza kuvuja mafuta. Ndiyo maana milimita 25 za unene juu ya shokapu ndizo mwisho wangu. Zaidi ya hapo unahitaji mikono ya juu ya aina nyingine, na ukishafika kwenye mikono mipya umeshatoka kwenye habari ya spesa.

Iko spesa ya pili inayokaa ndani, juu ya koili yenyewe, na kuibana. Hii haiongezi mning'inio wa gurudumu, kwa hiyo sivijointi haiendi mbali kuliko kiwandani. Lakini gari linakaa karibu na mwisho wake wa juu muda wote, na kwenye matuta linapiga kwa juu kama mlango unaobamizwa. Tena kuiweka kunahitaji kubana springi kwa kifaa chake. Springi iliyobanwa kwa minyororo na waya, kama nilivyowahi kuona ikifanywa chini ya mwembe, ikichomoka inaua. Kama fundi hana kifaa cha kubania, chukua gari lako uondoke bila kumvunjia heshima.

Upande wa pili wa mizani ni springi mpya ndefu au nene kidogo, pamoja na shokapu zilizotengenezwa kuendana nazo. Bei yake ni mara kadhaa ya spesa. Unachopata ni hiki: gari linapanda, na gurudumu bado lina nafasi ya kushuka na kupanda, na shokapu inafahamu springi inayoituliza. Kwenye barabara ya mawe mawe kati ya Nangurukuru na Liwale, zaidi ya kilomita 200, tofauti hiyo utaihesabu kwa mgongo wako.

Lakini kuna jambo linalosahaulika: gari nyingi huku zimenunuliwa zikiwa zimetumika, na springi zake zimeshalala. Mtu anaona pua ya gari imeinama, anaweka spesa, anafurahi. Springi iliyochoka ukaiongezea spesa ni sawa na mzee mwenye magoti mabovu umvalishe viatu vya kisigino kirefu. Pima kwanza kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kila upande, gari likiwa tupu mahali tambarare, kisha linganisha na gari la aina hiyo hiyo lenye springi nzima. Ukikuta limeshuka, springi mpya za kawaida tu, zile za kimo cha kiwandani, huenda zikakurudishia ulichokuwa unakitafuta kwenye spesa. Huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi kuliko wote, na unaosikilizwa kidogo kuliko wote.

Kwa wenye gari za zamani, Hilux nyingi za kabla ya 2005, Nissan Hardbody, D-Max za kizazi cha kwanza, habari ni fupi. Mbele hakuna koili. Kuna fimbo ndefu ya chuma inayosokotwa, inayopita chini ya kebini kila upande, na mwisho wake kuna boliti. Ukiikaza, pua inapanda, bure. Hakuna spesa ya kununua. Madhara ya kuzidisha ni yale yale ya sivijointi na boljointi, kwa hiyo zunguka kidogo kidogo, pande zote sawa, na usivuke milimita 30 hadi 40.

Kwenye Land Cruiser 79, ambayo tangu 1999 ina koili mbele juu ya ekseli ngumu, hesabu ni ya moja kwa moja: spesa ya milimita 30 inakupa kama 30. Sivijointi hazihusiki kwa namna ile. Kinachobadilika ni ule mlalo wa ekseli unaofanya usukani urudi wenyewe katikati. Ukinyanyua sana, ekseli inageuka, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye lami. Hadi milimita 30 wengi hawaoni tofauti. Ukifika 50, tia bushi za kurekebisha mlalo, na angalia hozi za breki zisivutike gurudumu linaponing'inia.

Nyuma: hapa ndipo Kusini inapotofautiana

Mtu anayenyanyua pikapu ili aende kupiga kambi na hema ana shida moja. Sisi tuna nyingine. Pikapu ya Tandahimba ikifika Oktoba inapakia korosho kwenda ghala la chama cha msingi, na msimu unaanza barabara zikiwa kavu, unaisha mvua zimeshaingia. Ya Ruangwa na Nachingwea inabeba ufuta na mbaazi. Mkia wa gari hauko chini kwa sababu kiwanda kilikosea kimo. Uko chini kwa sababu kuna tani juu yake, na juu ya tani kuna watu watano waliokaa kwenye magunia.

Njia ya bei nafuu ni kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi za bapa, zile pasi za chuma zilizolaliana. Kina kidude chini na tundu juu ili kishike boliti ya katikati, na kinafungwa kwa yuboliti (boliti zenye umbo la U) ndefu zaidi. Kipande cha milimita 50 kinanyanyua 50 kamili. Kazi ya saa chache, na gari likiwa tupu linapendeza. Pakia sasa: springi ni zile zile, nguvu ni ile ile, zinalala kwa kiasi kile kile. Umeanzia juu zaidi, basi. Kama springi zilikuwa zinafika mwisho na kugonga mpira wa kizuizi, sasa ama zitagonga tena, au kama mpira nao haukurefushwa, zitapinda kupita mahali zilipotakiwa kusimama, na bapa litavunjika.

Kuna na jambo la kupanda mlima. Unapokanyaga mafuta kwa gia ya chini kwenye kona za kupandia Newala, ekseli inajaribu kujizungusha kinyume na magurudumu, na springi ndizo zinazoizuia. Kipande kile kimeongeza urefu wa wenzo. Ekseli inapata nguvu zaidi ya kuzipindisha bapa ziwe kama herufi S, propela, shafti inayopeleka nguvu nyuma, inapiga kelele, gari linatetemeka kwa nyuma. Kipande cha milimita 25 hadi 40 unaweza kuishi nacho. Kupachika kimoja juu ya kingine ni marufuku, na kuweka chochote cha namna hiyo kwenye ekseli ya mbele yenye springi za bapa ni marufuku mara mbili, kwa sababu breki kubwa ziko mbele na siku kitakapotoka hutakuwa na usukani.

Kuna waliochonga kipande cha mti. Nimelala chini ya gari moja Masasi nikakiona kwa macho yangu, kimepakwa rangi nyeusi kifanane na chuma. Nikamwuliza mwenye gari, mtu mzima, "Mzee wangu, huu mti gani?" Akacheka, "Mkongo huo, mwanangu, hauliwi hata na mchwa." Mchwa si tatizo. Mti hukauka na kusinyaa, yuboliti zinalegea bila kukuambia, na ekseli inahama. Hata ungekuwa mpingo wa Kilwa, mti si wa kubana ekseli.

Shakeli ndefu, vile vishikio vinavyounganisha mwisho wa springi za bapa na chesisi, ni njia ya pili ya rahisi. Hizi hunyanyua nusu tu ya urefu ulioongezwa: shakeli iliyozidi kwa milimita 50 inakupa 25. Zinabadilisha pembe ya difu na kufanya mkia uyumbe kwenye kona. Sizipendi, na sina zaidi ya kusema.

Ninachokipendelea kwa gari la kazi ni kuongeza bapa, au kubadilisha seti nzima ya springi za nyuma. Bapa moja la ziada linanyanyua na papo hapo linabeba. Huo ndio utofauti mkubwa kati yake na spesa: lenyewe ni springi, na spesa ni pengo lililojazwa. Ubaya wake utaujua gari likiwa tupu. Litaruka kwenye matuta kama mbuzi, na abiria wa nyuma watakulaani hadi Mnazi Mmoja ya Lindi. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli, bila kujionesha: katika siku 10, gari langu linabeba mzigo mzito siku ngapi? Kama ni 6 au zaidi, ongeza bapa. Kama ni siku 2 za msimu, acha springi za kiwandani na upunguze magunia.

Jambo moja ambalo karibu kila fundi wa haraka hulipita, iwe umeweka kipande cha chuma, shakeli au bapa. Pikapu kadhaa, Hilux nyingi zikiwemo, zina vali ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Kazi yake ni kupima mzigo: mkia ukilala, inaelewa gari limepakia na kuruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukinyanyua mkia, vali inaamini gari ni tupu hata ukiwa na tani nyuma, na inazibana breki. Hutalihisi mjini. Utalihisi ukiteremka Newala na korosho. Dawa ni ndogo: kibati cha kuinua mguu wa fimbo ile kwa kiasi kile kile ulichonyanyua gari. Muulize fundi wako kabla ya kazi, "vali ya breki ya nyuma utaifanyaje?" Akishangaa, umepata jibu kuhusu fundi.

Tairi: kitu pekee kinachoinua difu

Tuchukue namba zilizozoeleka. Tairi ya 265/65R17 ina kipenyo cha karibu milimita 776. Ya 265/70R17 ina karibu 803. Tofauti ni 27, na nusu yake, kama milimita 13, ndiyo inayoongezeka chini ya difu. Utasema 13 ni kitu gani? Ni ukubwa wa kidole, kweli. Lakini ni kidole ambacho spesa zote za dunia hazikupi, na pia tairi kubwa hunyanyua chesisi, tangi na bampa kwa kidole hicho hicho bila kugusa sivijointi wala shokapu.

Gharama yake inatazamwa vibaya. Seti ya tairi ni ghali kuliko spesa, ndiyo, lakini tairi utanunua tu. Subiri za sasa ziishe, kisha chukua hatua moja juu. Kinachoongezeka hapo ni ile tofauti ya bei kati ya saizi mbili. Spidi mita nayo itadanganya kidogo: ikisoma 80 utakuwa unakwenda karibu 83, na askari wa barabarani hasomi spidi mita yako. Hakikisha tairi ya akiba inaingia mahali pake chini ya keria, maana nimeona mtu akiifunga juu ya mzigo kwa sababu hiyo. Kisha geuza usukani hadi mwisho kila upande, gari likiwa limepakia, usikilize kama inasugua.

Na hapa ndipo spesa inapopata kazi yake halali. Ukitaka kwenda kwenye 285/70R17, yenye kipenyo cha karibu 831, kwenye Hilux nyingi itasugua fenda au bampa. Spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inaifungulia nafasi. Tairi imeinua difu, spesa imeipisha tairi. Vikitumika pamoja hivyo, vinaeleweka. Injini lakini italisikia tairi zito, hasa ile ya lita 2.5 ikiwa na mzigo, na dizeli utaijua mwenyewe pampuni.

Kunyanyua bodi peke yake, kwa vipande vinavyowekwa kati ya bodi na chesisi, kunafanya kazi hiyo hiyo ya kuipisha tairi na si zaidi. Chesisi haiendi popote. Mdomo wa kujazia mafuta, shafti ya usukani na kava la feni vyote vinahitaji kurekebishwa. Kwa mtu wa huku sioni faida yake.

Kwa hiyo wewe wa wapi, na unabeba nini?

Unaishi Mtwara mjini, wikiendi unakwenda Msimbati na familia? Usinunue chochote cha kunyanyua. Mchanga wa kule hautaki kimo, unataka unyayo mpana. Shusha upepo hadi psi 18 au 20, endesha taratibu bila kukata kona kwa nguvu, uwe na pampu ya kuunganisha kwenye betri ili ujaze tena kabla ya lami. Mtu mwenye gari fupi na upepo mdogo atampita mwenye gari refu aliyekaza tairi kwa psi 40 huku akichimba kaburi. Ukirudi, osha chini kwa maji baridi mengi. Na kama tayari una spesa za alumini, zitazame kila mwaka, kwa sababu alumini ikigusana na chuma kwenye chumvi ya pwani huliwa polepole na kuacha unga mweupe.

Wa Tandahimba, Newala au Nanyamba mwenye pikapu ya korosho: anza nyuma. Bapa la ziada au seti mpya, vali ya breki irekebishwe, kisha tazama pua. Kama imeinama, springi mpya za mbele. Spesa ya mbele kwako ni pambo, isipokuwa kama bampa lako ndilo lililochubuka.

Wa Liwale, au yeyote anayekwenda huko kati ya Desemba na Aprili: tairi kwanza, zenye meno ya tope, hatua moja juu ya saizi yako. Spesa ya 25 ije baadaye kama tangi na chesisi vina alama. Usisahau bomba dogo la kupumulia la difu ya nyuma. Ukinyanyua gari, bomba hilo linaweza kuvutika na kuchomoka, na ukiingia mtoni na difu ya moto, itavuta maji badala ya hewa. Lirefushe hadi juu ya chesisi, karibu na mdomo wa tangi.

Anayetembea lami tu, Mtwara, Lindi hadi Dar, akitaka gari refu kwa sababu ya kile kilichotokea Mei 2024: namwelewa. Baada ya kimbunga Hidaya maji yalikata barabara maeneo ya Somanga, na wenye gari refu na wenye gari fupi walisubiri pamoja kando ya njia, kwa sababu barabara yenyewe haikuwepo. Gari refu kwa mtu huyo litakuwa na uyumbaji zaidi kwenye kona, upepo zaidi kifuani, na taa zinazowapiga wenzake machoni usiku. Awache lilivyo.

Siku ya kuchukua gari

Umeshachagua na kazi imefanyika. Usiondoke bado. Mwambie fundi apige jeki hadi magurudumu ya mbele yaning'inie, kisha uzungushe usukani mwisho hadi mwisho ukitazama hozi za breki na waya zilizoshikizwa kwenye mikono: hakuna kinachotakiwa kukaza kama kamba ya ngoma. Shika mpira wa sivijointi uone mikunjo yake haijabanana. Nyuma, dai yuboliti mpya, zilizonyooshwa za zamani usizipokee. Pangeni siku ya alaimenti kabla gari halijamaliza wiki, maana magurudumu ya mbele yaliyonyanyuliwa huegemea nje na kula tairi upande mmoja. Rekebisha taa ukiwa umeelekea ukuta. Endesha kilomita kama 100, Mtwara kwenda Lindi kwa mfano, kisha zikazwe nati zote upya, na tena baada ya 500. Mara hiyo ya kwanza ya kukaza ikishapita bila nati hata moja kulegea, mlipe fundi nusu yake iliyobaki.